Arobaini na Moja na Kiti cha Getini

Kila asubuhi mwenye nyumba wangu alitoka chumbani kwake kama mwizi. Alishika ukuta kwa mikono miwili na kusogea kwa ncha za vidole kuelekea bafuni, na kila kisigino kilipogusa sakafu alivuta hewa kwa meno. Sss. Hatua. Sss. Hatua nyingine. Mimi nilikuwa nimepanga chumba chao cha mbele kwa miezi michache, na baada ya wiki ya kwanza sikuhitaji saa. Mlio huo ulinitosha.

"Treni imefika?" mkewe aliuliza kutoka kitandani.

"Imefika. Ina abiria mmoja, anachechemea."

Akishapiga mswaki na kunywa chai maumivu yalilegea. Akaingiza miguu kwenye buti zake za kazi, akakaza kamba, akasimama wima kama mtu asiye na neno na dunia, akaondoka. Jioni alirudi amekunja uso. Kesho yake treni ilifika tena kituoni.

Alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha vigae. Nimepita viwanda vingi katika kuhangaika kwangu, lakini kazi kama yake sikuwahi kuiona. Vigae vya sakafu vikitoka kwenye tanuri na kupoa husimamishwa kwenye rafu ndefu za mbao, safu nane, kila safu hatua arobaini. Yeye hupita na nyundo ndogo ya mti, ukubwa wa kijiko cha chai, akigonga kigae kimoja baada ya kingine. Kigae kizima hulia *ting*. Chenye ufa ndani, hata kama jicho halioni kitu, hulia *tok*, naye hukichomoa na kukiweka pembeni bila hata kukitazama. Siku nzima ni hiyo: ting, ting, ting, tok, na sakafu ya saruji chini ya miguu.

Mazoea hayo aliyaleta nyumbani. Aligonga vikombe kabla ya kunywa. Aligonga sahani. Mara moja, wakiwa wamealikwa kwa jirani, aligonga sahani aliyopewa, akasikiliza, akairudisha jikoni kwa heshima akisema hiyo haifiki mwisho wa mwezi. Haikufika mwisho wa wiki. Jirani mpaka leo anaamini aliitia nuksi.

Kule kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Miaka ishirini na miwili iliyopita, alipoajiriwa, mtunza stoo alikuwa na wafanyakazi wanne wenye jina moja kwenye daftari lake, akachoka kuwachanganya. Akaanza kuwaita kwa namba za buti. Kidogo kidogo kiwanda kizima kikafuata. Yupo Arobaini na Tatu Mrefu na yupo Arobaini na Tatu Mfupi. Yupo mama mmoja wa kitengo cha rangi, Thelathini na Nane, ambaye ukimwita kwa jina lake la nyumbani hageuki. Na mwenye nyumba wangu alikuwa Arobaini na Moja, peke yake, hana wa kuchangia naye. Aliringa nalo. Mtu akipiga simu kiwandani na kuomba kuzungumza na Arobaini na Moja, hakuna aliyeuliza yupi.

Jambo lingine nililoliona mapema katika nyumba ile ni vipande vyeusi vyenye umbo la unyayo. Vilikuwa kila mahali. Kimoja chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Viwili vimetundikwa msumarini jikoni, vya kushikia sufuria ya moto. Kimoja kimebanwa dirishani lisigongegonge. Viwili chini ya cherehani ya mkewe, ambaye alikuwa fundi wa nguo, ili mashine isiteleze akikanyaga pedali. Nilidhani ni mambo ya familia yao. Mpangaji mwenye adabu hadadisi vitu vya mwenye nyumba.

Kuhusu kisigino, mshauri mkuu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeishi nyumba ya pili na kuja kunywa chai kila jioni kama vile kwake hakuna maji.

"Shemeji, mimi nimeshakwambia," alisema huku akijimiminia. "Hayo ni mafuta ya magoti yamekwisha."

"Kinachouma ni kisigino."

"Mafuta huanza kwisha juu."

Kwa ushauri wa shemeji alikuwa ameloweka miguu kwenye maji ya chumvi, amelala ameiweka juu ya mto, ameacha nyama, amerudia nyama. Kwa siku moja tu aliweka kitunguu kilichokatwa ndani ya soksi. Siku hiyo kiwandani alipita safu zote nane bila mtu kumzuia njia, na Thelathini na Nane akafungua madirisha ambayo hayajafunguliwa tangu yawekwe.

Halafu meneja akamwona.

Meneja alikuwa kijana mwenye adabu, na hilo ndilo lililomtisha Arobaini na Moja. Mtu anayekufokea unaweza kumjibu. Huyu alimkuta ameegemea rafu katika safu ya sita, mguu mmoja juu kama korongo, akasubiri ateremshe mguu kwanza ndipo amsalimie.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekufikiria sana."

"Marahaba. Umenifikiriaje?"

"Pale getini tunahitaji mtu wa kuandika malori yanayoingia na kutoka. Kazi ya kukaa. Nimeshaagiza kiti, kina mto, na feni tutakuwekea. Tuangalie mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mguu ukiwa bado hivi, tarehe moja unaanza getini."

"Na vigae?"

"Atakuja yule wa zamu ya pili."

Yule wa zamu ya pili, kwa maelezo niliyopewa jioni ile mara nne, ni mtu ambaye akigonga kigae humtazama aliye karibu amwambie kimelia nini.

Zilibaki wiki tano, maana mwezi wenyewe ulikuwa haujaanza. Arobaini na Moja alifika nyumbani, akavua buti mlangoni, akakaa. Mkewe alikuwa anashona sketi za shule na hakuinua uso.

"Kiti kina mto?" aliuliza baada ya kusikia habari yote.

"Kina."

"Na feni?"

"Na feni."

"Maskini. Wanakutesa kweli."

Shemeji alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Arobaini na Moja hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe chake, na kwa ukucha wa kidole cha shahada alikuwa anakigonga pole pole, ting, ting, bila kunywa. Mkewe alisikia. Mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Getini utasikiliza nini?" alimuuliza, safari hii kwa sauti nyingine.

"Malori."

Sufuria ikaanza kuchemka na kumwaga povu. Mkewe akainuka, akachomoa vipande viwili vyeusi msumarini, akaepua. Alipokuwa anavirudisha, akasita. Akakigeuza kimoja. Akakibonyeza kwa kidole gumba.

"Baba watoto, hivi vitu huwa unavitoa wapi?"

"Kwenye boksi la buti mpya. Huwa vimewekwa ndani, pamoja na zile karatasi, ili buti zisibonyee njiani."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka vinakuja viwili. Si unavitumia wewe mwenyewe?"

"Na wenzako vyao wanavifanyia nini?"

Akafikiri. "Sijawahi kuwauliza."

Mkewe alikiweka kile kipande sakafuni, karibu na mguu wa kulia wa mumewe. Ubavuni, pale ambapo unyayo wa mtu umeingia ndani, kile kipande kilikuwa kimeinuka. Kwa nyuma kilikuwa na kishimo laini cha kukaa kisigino. Hata mimi mpangaji nililiona hilo kutoka mlangoni.

"Umeshaona karatasi ya kufungia iliyochongwa hivi?"

"Labda aliyefunga alikuwa fundi."

"Baba watoto. Hii ni soli ya ndani. Ndiyo kitanda cha mguu wako. Miaka yote hii wewe unalala chini na kitanda nimekiweka mguuni mwa meza."

Akajitetea. Alisema mwanzoni alikuwa haitoi. Ni miaka ya baadaye, buti za siku hizi zilipoanza kuwa nyembamba, ndipo alipogundua kwamba akiitoa mguu unaingia vizuri.

"Kwa hiyo ukiiacha mguu hauingii?"

"Unaingia. Ila unaingia kwa ubishi."

"Simama," alisema mkewe.

Alivuta karatasi ya kaki anayokatia mitindo, akaitandaza sakafuni, akachukua chaki. Arobaini na Moja akavuta kigoda ili akae apimwe kwa raha.

"Nimesema simama. Unafanya kazi umekaa? Au umeshahamia getini?"

"Asubuhi je? Asubuhi mguu unakuwa mzuri zaidi. Sasa hivi umevimba."

"Ndio huo huo ninaoutaka. Wa asubuhi hauna kazi, unakwenda bafuni tu. Kigae cha mwisho unakigonga na huu."

Akasimama. Mkewe akapiga magoti, akazungusha chaki pole pole kuufuata mguu, kwanza wa kulia kisha wa kushoto. Aliupima mtaa mzima, mabega na viuno, mabibi harusi na mapadri, na alikuwa na hasira ya pekee kwa wateja wanaompa vipimo kwa mdomo. Hao, alisema, ndio wanaorudi nguo imepasuka kwapani na kumlaumu uzi. Kumbe mteja wa namna hiyo alikuwa analala naye kitanda kimoja.

"Buti namba ngapi wewe?"

"Si unajua. Arobaini na moja."

"Nani alikupima?"

"Mtunza stoo."

"Lini?"

Akaziangalia zile buti mlangoni.

"Siku ya kuajiriwa," alisema hatimaye. "Lakini mguu wa mtu mzima haukui!"

"Haukui. Unatandaa. Kama ulivyotandaa hapa." Akampapasa tumbo kwa chaki, akaacha alama nyeupe kwenye shati.

Akachukua buti moja mlangoni, akaiweka juu ya ule mchoro. Mchoro ukaonekana pande zote: mbele upana wa kidole, ubavuni kila upande kama pindo la nguo. Shemeji aliinama kuangalia, mikono kiunoni, kama fundi anayekagua msingi wa nyumba.

"Shemeji," alisema, "hii si buti. Hii ni soksi ya ngozi ya ng'ombe."

Kwa futi ya kupimia nguo na jedwali lililokuwa nyuma ya boksi kuukuu la viatu, mguu wa kushoto ukatoka arobaini na mbili na ushee. Wa kulia, arobaini na tatu kamili.

"Tunafuata mkubwa," mkewe alisema. "Rudi stoo kesho, ukabadilishe."

"Rudia kupima."

"Nimepima mara mbili."

Akakaa kwenye kigoda ambacho sasa hakuna aliyemkataza. "Wapo wawili tayari," alisema. "Mrefu na Mfupi. Mimi nitakuwa Arobaini na Tatu gani?"

Tulidhani anatania. Hakuwa anatania.

Kesho yake mkewe alikata ule mchoro kwa mkasi, akaukunja, akautia mfuko wa shati lake. Alimpa masharti: aende stoo mwisho wa zamu, miguu ikiwa imechoka, na avae zile soksi nene za kazi, si za kanisani. Jioni akarudi na sabuni.

"Buti ziko wapi?"

"Mtunza stoo alikuwa na watu. Nikaona nichukue sabuni kwanza."

Siku ya pili akarudi na glavu. Ya tatu, sabuni tena. Kila asubuhi treni ilifika, sss, sss, na karatasi ilianza kuchakaa mfukoni. Siku ya nne mkewe alinigeukia mimi.

"Wewe mpangaji, huna kazi ya maana jioni. Nenda naye. Akirudi na sabuni nyingine, utaoga wewe mpaka iishe."

Ndivyo nilivyoingia kwenye ile stoo, chumba kirefu chenye harufu ya mpira na mafuta ya mashine, kaunta ya mbao mbele na rafu za maboksi mpaka darini. Mtunza stoo alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea magunia.

"Arobaini na Moja! Sabuni tena? Unamwogesha nani huko kwako, tembo?"

Arobaini na Moja alitoa karatasi, akainyoosha juu ya kaunta kwa viganja. Mtunza stoo akachukua rula yake ya bati, akapima, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mguu wa nani huu?"

"Wa jamaa mmoja."

"Jamaa gani?"

"Jamaa yangu. Wa karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Amesimama hapa."

Mzee alichungulia chini, ng'ambo ya kaunta, akazitazama zile buti kwa muda mrefu, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikwenda kufunga mlango wa stoo.

"Nikwambie kitu, na usinikasirikie," alisema aliporudi. "Arobaini na moja hazijaletwa humu miaka sita. Yule anayetuletea alibadilisha, za kiume sasa zinaanzia arobaini na mbili."

"Mbona mimi napata?"

"Nimekuwa nakupa arobaini na mbili. Namba naikwangua kwa wembe kabla hujaja."

Arobaini na Moja alivua buti ya kulia palepale, akaiangalia chini, akaangalia ulimi wake. Kweli, mahali pa namba palikuwa na mkwaruzo mdogo, safi, wa mtu mwenye subira.

"Kwa nini?"

"Ningefanyaje?" Mzee alikuwa karibu kulia au kucheka, sikujua. "Kiwanda kizima kinakuita hivyo. Nikubadilishie jina kwa sababu ya mtu wa lori?"

"Kwa hiyo mimi ni Arobaini na Mbili kwa miaka sita sasa."

"Na ulikuja kunisifu. Ulisema buti za siku hizi zinatanuka vizuri ukizivaa kidogo."

"Zilikuwa zinabana hata hivyo. Ndiyo maana soli ya ndani nilikuwa naitoa."

Mtunza stoo aliweka rula chini. "Unaitoa?"

Akasimuliwa yote, meza, dirisha na sufuria. Alisikiliza ameshika kichwa. "Nami kila mwaka nashangaa," alisema, "kwa nini zako zinarudi zimechimbika kisiginoni kama kisima. Nikasema huyu bwana anakanyaga kwa chuki."

Walipomaliza kusameheana, kazi ya kuchagua ikaanza. Na hapo, jamani, nilishuhudia jinsi mtu anavyoweza kujifunza somo na kulisahau papo hapo. Kwenye rafu ya tatu palikuwa na jozi nyeusi, pua nyembamba, inang'aa kama kioo cha kinyozi. Arobaini na Moja aliiona, na shingo yake ikarefuka.

"Hiyo."

"Hiyo tuliagiza kwa ajili ya wageni wakija kutembelea kiwanda."

"Nijaribu tu."

Mtunza stoo akampa bila kubishana. Akamwambia aikunje. Buti ilikunjika katikati kabisa, pale chini ya unyayo, kama daftari. "Mguu wako unakunjika hapo?" aliuliza mzee. "Basi ukivunjika ndipo utaitoshea." Akamwambia aisokote kama anakamua nguo. Ikasokoteka. Akambonyezea nyuma ya kisigino kwa kidole gumba, pakaingia ndani kama mkate. Arobaini na Moja aliirudisha kwenye rafu akiipapasa, kama mtu anayemuaga mchumba.

Ile ya pili ilikuwa ya kahawia, pua pana, mbele duara kama kiazi. Hakuna mtu angeipiga picha. Lakini ilikunjika pale vidole vinapokunjika tu, ilikataa kusokotwa, na nyuma ya kisigino ilikuwa ngumu kama boksi. Ndani soli yake ilikuwa mahali pake. Mtunza stoo aliweka kidole juu yake akasema, "Hii ukiigusa nakufuata mpaka kwako."

Alivaa zote mbili, kushoto na kulia, akasukuma kisigino nyuma mpaka mwisho ndipo akafunga kamba. Mzee alibonyeza mbele akapata nafasi ya upana wa kidole gumba. Akamwambia achezeshe vidole, vikacheza. Akampeleka kwenye mteremko wa kupakilia mizigo, ashuke mara tatu, aone kama vidole vinagonga mbele. Havikugonga. Akamtembeza stoo nzima kwenda na kurudi juu ya saruji.

Mwishowe Arobaini na Moja alikaa juu ya kreti, akainua mguu, akatoa nyundo yake ndogo mfukoni na kuigonga soli. Akasikiliza.

"Inasemaje?" aliuliza mtunza stoo.

"Haisemi kitu."

"Ichukue. Zile zako zilikuwa zinasema kila siku, na wewe ukadhani ni magoti."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Arobaini na Tatu Mrefu, amefuata glavu. Aliitazama karatasi kwenye kaunta, akaitazama buti, akaelewa upesi kuliko nilivyodhani mtu mrefu anaweza kuelewa.

"Na wewe unahamia kwetu?" alisema. "Bwana, kwetu kumejaa. Itabidi tukae kikao."

Sitadanganya kwamba kisigino kilipona siku ile. Kisigino kilichoumizwa miaka hakisamehi kwa jozi moja ya viatu. Mkewe alimvalisha zile buti nyumbani kila jioni saa moja moja kwanza, zizoeane naye. Aliweka kandambili nene kando ya kitanda, na kumpiga marufuku kukanyaga saruji kwa mguu mtupu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda bafuni, alimsimamisha mbele ya ukuta, mikono juu, mguu mmoja nyuma, anyooshe misuli ya nyuma ya muundi wakati yeye anahesabu mpaka thelathini. Shemeji alikuja kuangalia zoezi hilo siku ya pili na kuuliza kama ukuta ndio unaanguka.

Nami nilihesabu kwa njia yangu, kutoka chumba cha mbele. Wiki ya kwanza sss zilikuwa kumi na mbili mpaka bafuni, sawasawa na zamani, na hakuna aliyefanya mzaha mezani. Wiki ya pili tisa. Ya tatu, nne. Kuna asubuhi moja nilichelewa kuamka kwa sababu treni ilipita bila honi.

Kiti cha getini kiliwasili siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Kilikuwa kizuri kweli, mto wake bado umefungwa nailoni. Kiliwekwa kwenye kibanda, na kila aliyepita alikiangalia kisha akamwangalia Arobaini na Moja.

Siku ya mwisho meneja alikuja asubuhi, mapema, akasema atapita naye safu zote nane, polepole, aone mwenyewe. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vyenye ncha, vya ofisini, vizuri sana. Habari zilizofuata nilizipata jioni ile kutoka kwa watu watano tofauti, na wote walikubaliana isipokuwa kuhusu nani alicheka kwanza.

Safu ya kwanza, ting, ting, ting. Ya pili. Arobaini na Moja alikwenda kwa mwendo wake, kigae baada ya kigae, hakuharakisha na hakuegemea. Katika safu ya tatu alichomoa vigae viwili. Katika ya nne meneja alianza kubadilisha mguu wa kusimamia. Katika ya tano aliuliza kama huwa hawapumziki katikati. Katika ya sita, palepale alipomkuta Arobaini na Moja mguu juu, meneja mwenyewe aliishika rafu kwa mkono, akachomoa kiatu nusu, akafumba macho.

"Mwanangu," alisema Arobaini na Moja bila kuacha kugonga, "wewe ni namba ngapi?"

"Arobaini."

"Nani alikupima?"

Meneja alifungua macho. "Mama," alisema. "Nilipoingia sekondari."

Arobaini na Tatu Mfupi ndiye aliyekimbia mpaka getini na kurudi amebeba kile kiti kichwani, na nailoni yake. Wakakiweka mwanzo wa safu ya saba. Meneja alikataa kwa adabu, kisha akakaa kwa adabu. Kutoka hapo alimwona mkaguzi wake akiishia mbali, safu ya saba, kisha ya nane, mgongo wima, buti zake mbaya za kahawia zikitua bila kelele, mpaka ikasikika nyundo tu. Karibu na mwisho kabisa ikalia *tok*. Yule wa zamu ya pili, aliyekuwa amekuja kujifunza kazi, alimtazama meneja amwambie kimelia nini.

Tarehe moja Arobaini na Moja aliingia safu ya kwanza kama kawaida. Getini wakampata mtu mwingine wa kuandika malori, lakini kiti hakikurudi. Nasikia kipo ofisini kwa meneja, na karatasi yenye mchoro wa mguu imeshikizwa ukutani juu yake.

Kikao cha Arobaini na Tatu wote wawili kilifanyika wakati wa chai, na kiliamua kwamba nafasi imejaa. Mtunza stoo akapewa kazi ya kulimaliza jambo hilo kwenye daftari. Nililiona siku niliyokwenda stoo kuaga, kabla sijahama. Kwa mwandiko wake wa kulala, kwenye mstari mmoja, aliandika: *Arobaini na Moja, buti namba 43.*

Nyumbani hali ilikuwa mbaya kidogo. Kile kipande cha chini ya meza kilikuwa kimechakaa, vya sufuria vimepasuka, na dirisha limeanza kugongagonga tena. Mkewe alikuwa anapuliza vidole, sufuria mbele yake.

"Miaka yote hii ulikuwa unaniletea vitu vya kushikia," alisema. "Mwaka huu umekuja mikono mitupu."

"Vimo mguuni," alijibu Arobaini na Moja. Akanyanyua buti moja, akaitua sakafuni, na wote tukasikiliza. Haikusema kitu.